Somo kwa Wakazi: Jinsi ya Kuthibitisha Pesa za Kutosha Unapoomba Visa

Katika wadi ya Nyayo Highrise, kaunti ndogo ya Lang'ata, si ajabu kusikia kwamba chama fulani kimeitisha kikao cha dharura kwa sababu mtoto wa mwanachama amepata nafasi ya kwenda ng'ambo. Hali ni hiyo hiyo Kibera na Kawangware. Barua ya chuo au ya mwajiri ikishafika, swali linalofuata huwa moja: pesa za kuonyesha ubalozini zitatoka wapi, na zitaonyeshwaje?

Wengi hudhani kwamba kuwa na pesa na kuthibitisha kuwa na pesa ni jambo moja. Sivyo. Kuna waombaji ambao pesa wanazo lakini visa wananyimwa kwa sababu hazikukaa kwenye akaunti kwa siku zinazotakiwa, au ziko katika akaunti ya mtu asiyekubalika, au hakuna karatasi inayoeleza zilikotoka. Ada ya maombi huwa imelipwa tayari, na nafasi ya chuo huweza kupotea. Somo hili linaeleza jinsi uthibitisho huo unavyofanya kazi ili mkazi ajipange mapema.

Visa ya likizo na kazi: ukweli kwa Mkenya

Kijana anayetafuta safari kwenye simu yake hukutana na tangazo la visa ya likizo na kazi. Hii ni visa inayomruhusu kijana kuishi nchi nyingine kwa mwaka mmoja au zaidi, atembee na wakati huo huo afanye kazi ndogo ndogo za kujikimu. Australia, New Zealand, Kanada na Uingereza zote zina mpango wa aina hiyo. Kila nchi humtaka mwombaji aonyeshe akiba: Uingereza huhitaji pauni 2,530 zilizokaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo, na Australia huhitaji takriban dola 5,000 za huko.

Hata hivyo, mipango hiyo hutegemea makubaliano baina ya nchi na nchi, na Kenya haimo kwenye orodha za nchi hizo nne. Zamani hali ilikuwa tofauti. Uingereza ilikuwa na mpango kama huo kwa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo, lakini ulifungwa Novemba 2008 na mpango mpya ukaanzishwa kwa nchi chache zilizochaguliwa. Kwa hiyo, mtu yeyote anayemwambia kijana wa Highrise alipe "ada ya usajili" ili apate visa hiyo kwa pasipoti ya Kenya anapaswa kutiliwa shaka mara moja.

Njia zilizo wazi kwa Mkenya ni nyingine, na nyingi kati yake zina sharti lake la pesa. Zinazotumika sana ni visa ya masomo ya Uingereza na Kanada, na njia kadhaa za kwenda Ujerumani. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamiaji na ajira jijini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Mkataba huo haukufuta masharti ya visa. Kila mwombaji bado anapimwa kivyake.

Maswali manne ya afisa wa visa

Masharti hutofautiana, lakini anayekagua faili la mwombaji hutafuta majibu ya maswali manne.

La kwanza ni *kiasi*: je, pesa zinafikia kiwango kilichowekwa, bila kupungua hata kidogo?

La pili ni *muda*: zimekaa kwenye akaunti kwa muda gani? Salio la leo pekee halitoshi.

La tatu ni *mwenyewe*: akaunti ni ya nani, na mtu huyo ana uhusiano gani na mwombaji?

La nne ni *chanzo*: pesa zimetoka wapi? Mshahara, biashara, Sacco, mauzo ya shamba au mchango? Karatasi iko wapi?

Mkazi anayeweza kujibu yote manne kwa maandishi ana maombi imara. Anayeweza kujibu la kwanza tu bado hajawa tayari.

Uingereza: kanuni ya siku 28

Mwanafunzi anayekwenda Uingereza huonyesha salio la karo ya mwaka wa kwanza ambalo hajalipa, pamoja na pesa za kujikimu kwa muda usiozidi miezi tisa. Kuanzia tarehe 2 Januari 2025, kiwango cha kujikimu kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi kwa anayesomea nje ya London, na pauni 1,483 kwa anayesomea London. Tarehe 11 Novemba 2025 kilipanda hadi pauni 1,171 na pauni 1,529. Ndani ya mwaka mmoja viwango vilibadilika mara mbili. Ndiyo maana mwombaji asitegemee kiasi alichotajiwa na rafiki aliyeondoka mwaka uliopita.

Pesa hizo lazima zikae kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isiwe imepita kwa zaidi ya siku 31 kabla ya siku ya kutuma maombi. Akaunti iwe ya mwombaji mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Ikiwa ni ya mzazi, kunahitajika cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mzazi huyo, pamoja na barua yake ya idhini. Akaunti ya mjomba, shangazi au kaka haikubaliki kwa visa ya masomo, hata kama ndiye anayelipa kila kitu. Ovadrafti, hisa na pensheni pia havihesabiwi.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu. Mama ni msusi katika Kenyatta Market, na binti yake amepata nafasi ya kusoma nje ya London. Karo iliyobaki ni pauni 4,000. Pesa za kujikimu ni pauni 1,171 mara miezi tisa, yaani pauni 10,539. Jumla ni pauni 14,539. Tuseme pauni moja ni shilingi 170: zinahitajika shilingi 2,471,630.

Familia inajikusanya. Mama anatoa akiba yake, Sacco inalipa mgao, na baba anauza kipande cha shamba. Akaunti ya mama inafika shilingi 2,500,000. Kila mtu anapumua. Siku ya 19, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi miwili, na mama anatoa shilingi 40,000. Anazirudisha kesho yake baada ya wateja kulipa. Kwake yeye hakuna kilichoharibika.

Ubalozini hesabu ni nyingine. Siku hiyo moja salio lilishuka hadi shilingi 2,460,000, pungufu ya kiwango kwa shilingi 11,630. Hesabu ya siku 28 imekatika, na inaanza upya siku pesa ziliporudi. Binti akituma maombi kwa kufuata tarehe ya awali, atakataliwa, ingawa familia haikudanganya wala haikukosa pesa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni bei ya sarafu. Pauni ikipanda kutoka shilingi 170 hadi 173, kiasi kilekile cha pauni 14,539 kinakuwa shilingi 2,515,247, na akaunti ya shilingi 2,500,000 haitoshi tena. Kwa hiyo ni busara kuweka ziada ya angalau asilimia tano, na kutoigusa akaunti hiyo hata kwa kodi, matibabu au matanga. Matumizi ya nyumbani yapitie akaunti nyingine.

Ada ya huduma za afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka, hulipwa wakati wa kutuma maombi na si sehemu ya pesa za kujikimu. Itengwe kando tangu mwanzo.

Ujerumani: akaunti iliyofungwa

Ujerumani hutumia njia tofauti. Badala ya kuhesabu siku, humtaka mwombaji aweke pesa katika akaunti maalumu iliyofungwa. Pesa zikishaingia hawezi kuzitoa zote kwa mkupuo. Akifika Ujerumani hutolewa kwa kiwango cha kila mwezi. Kwa njia hiyo serikali ya huko huwa na hakika kwamba pesa si za kuazima kwa wiki moja.

Kwa mwanafunzi, kiasi tangu Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Euro moja ikiwa shilingi 150, hizo ni shilingi 1,785,600. Visa ikikataliwa, mwombaji hurudishiwa pesa zake baada ya kuwasilisha barua ya kukataliwa, ingawa makato ya benki na ya kubadilisha sarafu hubaki kuwa hasara yake.

Njia inayokaribiana zaidi na visa ya likizo na kazi ni kadi ya fursa, iitwayo Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Humruhusu mtu mwenye shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili, yanayotambuliwa katika nchi aliyosomea, kuishi Ujerumani hadi mwaka mmoja akitafuta kazi. Katika muda huo anaruhusiwa kazi ya muda isiyozidi saa 20 kwa wiki. Anahitaji pia Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha B2, na alama sita katika orodha ya sifa kama umri, uzoefu na lugha. Mwaka 2025 kiwango cha pesa kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka. Kinaweza kuthibitishwa kwa akaunti iliyofungwa, kwa hati rasmi ya dhamana iliyosainiwa na mkazi wa Ujerumani mbele ya mamlaka za huko, au kwa mkataba wa kazi ya muda.

Zipo pia njia zisizohitaji akiba kubwa. Anayekwenda kuishi na familia ya Ujerumani na kusaidia kulea watoto hupewa chakula, malazi na posho ya euro 280 kwa mwezi, na awe na umri usiozidi miaka 26 na Kijerumani cha A1. Anayekwenda mafunzo ya ufundi kazini hulipwa na mwajiri. Posho yake ikifikia kiwango kinachotakiwa, hahitaji akaunti iliyofungwa. Ikipungua, huonyesha tofauti tu. Kwa kijana ambaye familia yake haiwezi kufikisha shilingi milioni moja, njia hizi zinafaa kuchunguzwa kwanza kabla ya kuuza shamba.

Kanada: barua ya benki inayoeleza historia

Kwa anayeomba ukazi wa kudumu wa Kanada kupitia mpango wa Express Entry, sharti la akiba likimhusu, benki huandika barua yenye nambari ya akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa salio kwa miezi sita, na madeni yaliyopo. Pesa zisiwe za kukopa kwa mtu mwingine, na thamani ya nyumba au shamba haihesabiwi. Kwa visa ya masomo, mwanafunzi aliye peke yake huhitaji dola 22,895 za Kanada kwa maombi yaliyotumwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, mbali na karo na nauli. Kiwango cha awali kilikuwa dola 20,635.

Pesa zetu zina sura nyingi: jinsi ya kuzieleza

Tatizo la wakazi wengi wa Highrise, Kibera na Kawangware si kukosa kipato. Ni kipato kisichopita benki. Pesa huingia kwa M-Pesa, hukaa kwa mwekahazina wa chama, au hufichwa nyumbani. Afisa wa visa haoni biashara. Anaona karatasi. Zifuatazo ni njia za kugeuza kipato hicho kuwa ushahidi.

*Biashara ndogo.* Mwenye kinyozi, kibanda cha mboga au duka aambatishe leseni ya biashara ya Kaunti ya Nairobi iliyo hai, PIN na marejesho ya ushuru ya KRA, na taarifa ya nambari ya till. Aanze kuweka mauzo benki kila wiki, miezi sita au zaidi kabla ya maombi.

*M-Pesa.* Taarifa ya miezi sita au kumi na miwili huombwa kwenye simu kupitia *334# au kwenye programu yake, na hutumwa kwa baruapepe. Inasaidia kueleza chanzo cha pesa zilizoingia benki. Isichukuliwe kuwa mbadala wa akaunti ya benki pale masharti yanapotaja benki, na Fuliza ni deni, si akiba.

*Sacco na chama.* Sacco itoe taarifa ya akiba na barua yenye mhuri. Chama kilichosajiliwa kitoe cheti, kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha malipo, na taarifa ya akaunti yake. Pesa zitumwe benki kwa benki, si taslimu.

*Mchango au harambee.* Ufunguliwe mfuko mmoja wa kuchangia, majina na viwango viandikwe, na jumla ihamishiwe akaunti moja mapema. Barua fupi ieleze mchango ulikuwa wa nini na ulifanyika lini.

*Mauzo ya shamba au gari.* Hati ya kumiliki shamba peke yake si pesa taslimu. Linapouzwa, kiambatishwe kitabu cha makubaliano ya mauzo kilichosainiwa mbele ya wakili, na malipo yaonekane kwenye akaunti.

*Majina.* Jina kwenye pasipoti, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na akaunti lilingane. Likitofautiana, mwombaji apate hati ya kiapo au arekebishe hati mapema. Maombi ya cheti cha kuzaliwa hufanywa kupitia eCitizen, na wananchi husaidiwa pia katika vituo vya Huduma.

Mtego wa "kukodi salio"

Kuna watu wanaowaahidi waombaji kuwa watawawekea milioni kadhaa kwenye akaunti kwa siku chache kwa ada fulani. Wengine huuza stetimenti za benki zilizobuniwa. Mkazi ajiepushe na wote wawili.

Kwanza, balozi huweza kuuliza benki moja kwa moja. Pili, pesa nyingi zinazoingia ghafla kwa mtu anayepokea shilingi 30,000 kwa mwezi hazijibu swali la chanzo, hata kama stetimenti ni halali. Tatu, adhabu ni nzito. Udanganyifu katika maombi ya Uingereza huweza kumfungia mtu kwa miaka 10, na Kanada kwa miaka mitano. Hapa nyumbani, kughushi hati ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, ambalo mtu aliyepatikana na hatia anaweza kufungwa miaka mitatu. Mwombaji hawezi kujitetea kwamba hati ililetwa na wakala, kwa sababu sahihi kwenye fomu ni yake.

Anayeahidiwa kazi ng'ambo ahakikishe kwanza kwamba wakala yumo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Aliyetapeliwa apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu au kwa DCI, akiwa na risiti na ujumbe wa simu kama ushahidi.

Ratiba ya kujipanga

Miezi 12 kabla: chagua nchi na aina ya visa, soma masharti kwenye tovuti rasmi ya serikali ya nchi hiyo, fungua akaunti maalumu, na anza kuweka kila mwezi.

Miezi 6 kabla: kagua pasipoti, majina na vyeti. Anza kukusanya karatasi za chanzo cha pesa.

Miezi 3 kabla: hamishia pesa za chama, Sacco na mchango kwenye akaunti moja. Usiiguse tena.

Mwezi 1 kabla: thibitisha upya kiwango na bei ya sarafu, ongeza ziada, kisha hesabu siku 28 kwa kalenda, siku moja baada ya nyingine.

Wiki ya maombi: chukua stetimenti yenye mhuri wa benki, linganisha kila tarehe na kila jina, na weka nakala ya kila karatasi nyumbani.

Maswali ya kujipima

1. Baba mdogo anamlipia kijana karo yote ya Uingereza. Je, stetimenti yake itatosha? *La, isipokuwa awe mlezi wa kisheria mwenye hati. Pesa ziingie kwenye akaunti ya mwombaji au ya mzazi na zikae siku 28.*

2. Salio lilishuka chini ya kiwango kwa siku moja tu, kisha likarudi. Hesabu ikoje? *Inaanza upya kutoka siku lilipofikia kiwango tena.*

3. Wakala anauza "visa ya likizo na kazi" ya Australia kwa pasipoti ya Kenya. Mkazi afanye nini? *Asilipe. Kenya haimo kwenye mpango huo. Apige ripoti.*

4. Familia ina shamba la thamani kubwa lakini haina akiba. Je, hati ya shamba itatosha? *La. Haihesabiwi kama pesa zilizo tayari kutumika.*

Kabla chama hakijachanga na kabla shamba halijauzwa, wanafamilia na waketi pamoja, wasome masharti ya nchi husika, na wajibu yale maswali manne kwa maandishi. Jibu moja likikosekana, ni nafuu kusubiri miezi mitatu kuliko kupoteza ada, nafasi na akiba ya miaka mingi.